Mjadala: Makosa ya sarufi yapunguze alama katika kozi ya fasihi ya Kihispania?

MTOA HOJA
Wadau, naomba tulijadili hili. Katika kozi nyingi za fasihi ya Kihispania, mwanafunzi aliyejifunza lugha hiyo ukubwani huandika insha kwa Kihispania, kisha alama moja inabeba mambo mawili: alivyoielewa kazi na alivyoandika bila makosa. Msimamo wangu ni kwamba mambo hayo yatenganishwe, na usomaji ndio upewe uzito.

Chukua Lazarillo de Tormes, riwaya fupi ya Kihispania iliyochapishwa 1554 bila jina la mwandishi. Lázaro, msimulizi wake, anamwandikia mkubwa mmoja anayemwita Vuestra Merced, aliyetaka kuelezwa "jambo" fulani. Mwishoni ndipo tunapong'amua kwamba jambo lenyewe ni uvumi kuhusu mke wa Lázaro na kasisi. Mwanafunzi anayeliona hilo, akauliza kama simulizi lote la njaa na mabwana wakatili ni utetezi wa mtu anayetakiwa kujieleza, huyo amesoma. Akichanganya el na la, vibainishi vya nomino za kiume na za kike, asahihishwe. Lakini asipitwe alama na mwenzake aliyesimulia tu kisa upya kwa Kihispania safi.

Tena siku hizi programu za akili bandia huandika Kihispania kisicho na doa kwa sekunde chache. Insha ya nyumbani ikipewa alama kwa usafi wa lugha, aliyejitungia mwenyewe na kukosea ndiye anayeumia.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Napinga, na ninasema hivyo kama mwalimu wa ushairi. Soma Góngora, mshairi wa Hispania. Shairi lake refu Soledades, lililoanza kusambaa 1613, linafungua hivi: "Era del año la estación florida", yaani "ulikuwa msimu wa maua wa mwaka". Kwa mpangilio wa kawaida ungesema "era la estación florida del año". Huo ni mstari mwepesi. Ukisonga mbele, nomino na kivumishi chake vinatupwa mbali, na mara nyingi kinachovifunga pamoja ni upatanisho wa jinsia na idadi. Asiyejali el na la atajuaje kipi kinasifiwa? Hapo sarufi ndiyo usomaji wenyewe, huwezi kuitoa ukabaki na fasihi.

Isitoshe, wengi wa wahitimu hawa watakwenda kufundisha Kihispania. Tukilegeza huku, watakaoumia ni wanafunzi wao.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi ni mwanafunzi. Kinachonivunja moyo ni karatasi kurudi na namba moja, mistari myekundu chini ya vitenzi, na kuhusu hoja yangu hakuna hata neno. Nikaanza kuandika sentensi fupi nilizo na uhakika nazo, na mawazo mepesi yanayotosha humo. Alama zilipanda. Sidhani kama nilikuwa nasoma vizuri zaidi.

MTOA HOJA
Mchangiaji wa pili amesema kitu ambacho sisi tunaosahihisha hatukioni: adhabu ya sarufi inabadilisha hata kile mtu anachothubutu kufikiri.

Mwalimu mwenzangu, hoja ya Góngora naikubali. Basi tupime hicho hicho. Mpe mwanafunzi mistari kumi ndani ya chumba cha mtihani, kamusi ikiwa mezani, aipange upya kwa nathari ya kawaida, kisha aeleze mshairi amepata nini kwa kuivuruga. Upatanisho utapimwa pale unapobeba maana. Kuhesabu makosa ya insha yake mwenyewe ni kazi nyingine kabisa: mtu anaweza kuutambua upatanisho anaposoma na bado akateleza anapoandika kwa haraka.

Kuhusu walimu wa kesho, kozi za uandishi zipo, na upo mtihani wa DELE, wa kupima umahiri wa Kihispania, unaosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kukuza lugha hiyo, kuanzia ngazi ya chini A1 hadi ya juu C2. Chuo kikitaka uhakika wa lugha, kidai ngazi fulani kabla ya kuhitimu.

Pendekezo langu: alama nyingi zitoke kwenye comentario de texto, yaani uchambuzi wa kina wa kifungu kifupi, unaofanywa darasani, na insha ya nyumbani ifuatwe na mazungumzo mafupi ambamo mwanafunzi anaitetea. Lugha iwe na fungu lake, lisizidi moja ya tano, na litangazwe tangu wiki ya kwanza. Wewe, mwalimu wa ushairi, ungeipa lugha fungu gani, na ungeitetea vipi hesabu hiyo mbele ya mchangiaji wa pili?