Rotax 912 kwenye joto la Dar: mpira au Teflon kwa njia ya mafuta?

Kipepeo_Kigamboni: Wakuu, salaam. Nina ndege ndogo ya viti viwili, mabawa ya chini, injini ya Rotax 912 ULS yenye kabureta mbili. Mipira ya mafuta imetimiza miaka 5, na Rotax wanataka ibadilishwe muda huo ukifika, uwe umeruka sana au hukuruka. Nipo njia panda: nirudishie mpira wenye ala ya kuzuia moto, au nihamie bomba la Teflon (aina ya plastiki) lililosukiwa waya wa chuma? Bei ya Teflon inauma.

Spana_Gerezani: Kaka, Teflon hailiwi na petroli na joto la nyuzi 200 inalimudu. Mpira unazeekea ndani. Nje unauona mzima, kumbe tabaka la ndani limebanduka na linaziba njia kila injini inapovuta kwa nguvu. Ila Teflon haitaki kona kali, ikibonyea ni ya kutupa. Na ikishakaa muda mrefu na umbo lake, ukiifungua usiinyooshe, itapata ufa. Viungo vyake navyo vinabanwa kwa mashine. Kwa ndege unayoifungua mwenyewe mara kwa mara, mimi ningebaki na mpira.

Rasi_Kimbiji: Mpira upi sasa? Ule wa Kariakoo usio na maandishi siufungi hata kwenye bodaboda. Soma ubavuni alama ya kiwango cha mipira ya mafuta: SAE J30 R9 ulitengenezwa kwa injini za injekta na unahimili presha kubwa kuliko R7. Klipu nazo, zile zenye matundu kwenye mkanda zinakata mpira, tafuta zenye mkanda laini kwa ndani.

Halafu kuna jambo mafundi wengi hawaliangalii. Ukisukuma mpira kwa nguvu kwenye ncha kali ya bomba, ncha inanyoa kiuzi chembamba cha mpira. Kikiwa upande wa baada ya chujio, hakuna cha kukizuia, kinatua kabureta. Lainisha ncha, puliza kila kipande, kisha pitisha mafuta yaishie kwenye chupa safi kabla hujaunganisha kabureta.

Spana_Gerezani: Hapo umenena. Na ile ala ya kuzuia moto ifungwe ncha zote mbili, la sivyo inakunywa oili, na kitu kilicholowa oili hakizuii moto.

Dada_Altimita: Jamani, mnabishania mpira wakati adui wa Dar ni mvuke. Umetua saa saba mchana Januari, umezima injini, hewa ndani ya kava la injini haitembei. Petroli inachemka ndani ya bomba. Ukiwasha kuondoka, pampu inavuta mapovu. Ndege ya mabawa ya chini inaumia zaidi, kwa sababu pampu ya injini inanyonya mafuta kutoka chini, na petroli inayonyonywa huchemka mapema kuliko inayosukumwa. Ndiyo maana pampu ya umeme hukaa karibu na tangi. Kuna pia bomba la marejeo, linalorudisha mvuke na mafuta ya ziada. Teflon haitakuokoa bomba likipita sentimita mbili kutoka kwenye ekzosi.

Kipepeo_Kigamboni: Nikitumia avgas, petroli ya ndege, je?

Dada_Altimita: Kwa mvuke inasaidia, avgas 100LL haichemki upesi kama petroli ya gari. Lakini ina madini ya risasi, utope wake unajikusanya kwenye tangi la oili na giaboksi. Ukiitumia sana, oili inabadilishwa mapema zaidi.

Mzee_Karakana: Wenye ndege za kiwandani zenye cheti, kama Cessna 172, mnaopita hapa, huu mjadala si wenu. Kwenu ni kipuri kilichoidhinishwa na sahihi ya mhandisi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), basi.

Wewe Kipepeo, ukifunga chochote pima mtiririko. 912 ULS ikiruka kwa nguvu zote inakunywa takribani lita 27 kwa saa. Kwa mfumo wa pampu tunataka asilimia 125 ya hapo, yaani kama lita 34. Inua pua kama ndege inayopaa, chomoa bomba la mafuta kwenye kabureta, washa pampu ya umeme, kinga mafuta kwa chombo dakika moja: yasipungue mililita 560. Fanyia nje, waya wa ardhi wa kuzuia cheche umefungwa, kizima moto kipo mkononi mwa mtu, si ukutani.

Kipepeo_Kigamboni: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila bomba langu la marejeo halifiki tangini, aliyeiunda aliliunganisha kabla ya chujio.

Mzee_Karakana: Marahaba. Hapo mvuke unazunguka tu na kurudi pampuni. Lifikishe tangini kwanza, mpira utanunua baadaye. Na kama matangi ni mawili, anza kuruka na lile linalopokea marejeo. Ukianza na lingine wakati hilo limejaa, petroli itamwagika kwa tundu la hewa.