Mjadala: Kemia ya galaksi hai ipimwe kwa infraredi, au mwanga wa kawaida unatosha?

Mleta mada:
Wakuu, galaksi hai ni ile ambayo shimo jeusi la katikati linameza gesi, na gesi inayolizunguka inawaka kwa mionzi mikali. Miaka yote tumekadiria oksijeni ya gesi hiyo kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Mimi sikubaliani. Nyingi zimejifunika vumbi, mwanga huo unaishia humo humo ndani. Tunapima ganda tunatangaza habari za kiini. Halafu joto: mstari wa oksijeni wa nanomita 500.7, yaani mwanga wa urefu mmoja wa wimbi unaotolewa na oksijeni, hupanda kwa kasi gesi ikipata joto, hivyo ukikosea joto kidogo, oksijeni umeikosea sana. Mistari ya infraredi, mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho na unaopenya vumbi, kama ule wa mikromita 88, hutoka kwenye ngazi za chini kabisa za nishati na haitikiswi hivyo.

Tatizo, dirisha limefungwa. Darubini ya anga za juu Herschel iliishiwa heliamu ya kuipoza 2013, na SOFIA, darubini ya infraredi iliyobebwa na ndege, ikasimamishwa 2022. Oktoba 2024 NASA ilibakiza mapendekezo mawili ya darubini za anga za juu ya kushindania safari ya 2032: PRIMA ya infraredi na AXIS ya eksirei. Kura yangu PRIMA.

Mchangiaji wa kwanza:
La vumbi nakubali, mkuu. Ila msongamano umeuruka. Mstari wa 88 huanza kudhoofika elektroni zikifika kama 500 kwa sentimita moja ya ujazo, na karibu na kiini gesi mara nyingi inapita hapo. Utasema oksijeni ni haba, kumbe mstari ndio uliofifia. Pia wingi wa oksijeni hupimwa dhidi ya haidrojeni, na mistari ya haidrojeni kwenye infraredi ni dhaifu mno. Darubini ya anga za juu James Webb inafika mikromita 28 na inaona neoni na salfa vizuri. Tuimalize hiyo kwanza.

Mleta mada:
Msongamano unapimika, ndugu. Oksijeni hiyohiyo ina mstari wa 52 unaostahimili gesi nzito zaidi. Ulinganishe na wa 88, jibu unalo. Ukichukua wa nitrojeni wa 57 dhidi ya hiyo miwili unapata nitrojeni kwa oksijeni, haidrojeni huihitaji. Na Webb haitaiona mistari hiyo kamwe, kwa sababu galaksi ikiwa mbali zaidi mawimbi yake yanazidi kurefuka.

Mchangiaji wa pili:
Mimi kinachonikosesha usingizi ni mchanganyiko. Kioo cha PRIMA ni mita 1.8, cha Herschel kilikuwa 3.5. Kwa mawimbi marefu hivyo, gesi inayowashwa na shimo jeusi na ile inayowashwa na nyota changa zitaingia picha moja. Utatoa wastani wa vitu viwili tofauti uuite kemia ya kiini.

Mleta mada:
Hoja nzito hiyo, na kwa PRIMA peke yake sina jibu. Ila neoni iliyopoteza elektroni nne, mikromita 14.3, inadai nishati ya elektronivolti 97, ambayo nyota za kawaida hazitoi. Webb inaiona. Basi galaksi zilezile zipimwe na zote mbili: Webb ioneshe sehemu ya shimo jeusi ni kiasi gani, PRIMA ilete oksijeni na nitrojeni. Hapo kura yangu inabaki palepale.