Boksi linasema skrini tatu za 4K, mezani inawaka moja na nusu! Wauza doki mnatuonaje?

Wakuu, mnivumilie leo, nina hasira.

Nimenunua doki ya USB-C Kariakoo, kile kiboksi cha kuunganisha monita na vifaa vingine kwenye laptopu kwa waya mmoja, laki mbili na ushee. Boksi limeandikwa kwa maherufi: skrini tatu, 4K, 60Hz, yaani picha kali sana inayobadilika mara 60 kwa sekunde. Muuzaji naye akaapa. Mimi nafanya uhasibu nikiwa nyumbani: taarifa ya benki monita hii, leja ile, barua pepe ya tatu. Nikachomeka ile ya 4K, ikawaka, ila kishale cha mausi kinajikokota. Kuangalia kwenye mipangilio: 30Hz. Nikaongeza ya pili, ya 1080p, ukali wa chini ya 4K. Ya kwanza ikazima, ikarudi na maandishi manene, imeshuka nayo hadi 1080p. Ya tatu giza tupu, inadai haipati mawimbi.

Narudi dukani. "Bosi wangu, sasisha draiva." Nimesasisha. "Badilisha waya wa HDMI." Nimebadilisha. "Basi laptopu yako ni kimeo." Kimeo! Mbona ulipokuwa unahesabu hela hukuniuliza natumia laptopu gani?

Draiva haihusiki kabisa. Doki za aina hii hazitengenezi picha, zinagawa tu ile inayotoka kwenye tundu moja la USB-C. Tundu hilo lina njia nne za kasi. Doki ikitaka USB za kasi kwa ajili ya flashi na diski, inachukua mbili, picha inabaki na mbili. Kwenye laptopu yangu, yenye DisplayPort 1.2 (mfumo wa kupitisha picha kwenda kwenye monita), njia mbili hizo zinapitisha kama gigabiti 8.6 kwa sekunde. Skrini moja ya 4K kwa 60Hz inataka zaidi ya 12. Sasa tatu mnazipitisha wapi? Mnamwahidi mtu bomba la nusu inchi litamjazia matanki matatu ya ghorofani kwa mpigo! Hata zikiwa 1080p, kila moja inakula kama 3.2: mbili zinaenea, ya tatu inabaki nje. Ni hesabu ya kujumlisha tu, na mtengenezaji anaijua, ndiyo maana kwenye karatasi ya maelekezo kaweka kwa herufi za kusomea tochi: "itategemea kompyuta yako".

Halafu kuna chipu ya picha. Laptopu nyingi zenye Intel kizazi cha 10 kushuka chini, mwisho wake ni skrini tatu, na ya laptopu yenyewe imo kwenye hesabu. Wenye MacBook ndiyo kabisa, maana macOS haigawi mkondo mmoja wa DisplayPort kwa monita mbili tofauti, kwa hiyo doki hizi zinawapa picha ile ile mara mbili. Muuzaji aliyewahi kumwambia mteja haya kabla ya kupokea hela anyooshe mkono.

Doki zinazoweza zipo. Za Thunderbolt, ile USB-C yenye kasi kubwa zaidi, kama tundu la laptopu lina alama ya radi. Au za DisplayLink, zinazopitisha picha kama data ya USB. Unaweka programu yake, prosesa inaliwa kidogo, ila kwa leja inatosha sana. Ni ghali, sawa. Semeni, mteja aamue!

Risiti imegongwa muhuri: "mali ikiuzwa hairudishwi". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sijaona mahali inaposema muhuri unaifuta.

Kwa sasa monita mbili ziko kwenye doki kwa 1080p, moja nimeichomeka kwenye HDMI ya laptopu, na skrini ya laptopu nimeizima. Kazi inaenda. Ujanja huo nimeupata kwa kujisomea usiku, si dukani.

Mwenye doki iliyokubali monita mbili kwa 60Hz aweke hapa modeli ya laptopu, aina ya tundu na bei. Na wewe wa dukani, najua unasoma: Jumamosi nakuja na boksi lako, risiti ya EFD, na monita zote tatu kwenye bajaji. Utazichomeka wewe mwenyewe, mbele ya wateja.