Nawezaje kuunganisha sentensi fupi za Kiingereza bila kurundika "and"?

Mgumu wa Machame
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, wa Mlima Kilimanjaro, najiandaa kuwa mwongoza wageni. Naandika maelezo ya kuwasomea wageni kabla ya kupanda: "Kilimanjaro has three cones. They are Kibo, Mawenzi and Shira. Kibo is the highest. Kibo is dormant. Mawenzi and Shira are extinct." Sarufi iko sawa, ila ukisoma kwa sauti inakatika-katika. Nikitia "and" kila mahali inarefuka tu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jioni
Marahaba. Kabla hujatafuta kiunganishi, jiulize mgeni anataka kujua nini hasa. Anapanda Kibo. Basi Kibo ndicho kikae kwenye kishazi huru, yaani sehemu ya sentensi inayojitegemea, mengine yakiegemee: "Kibo, the highest of Kilimanjaro's three cones, is dormant, while Mawenzi and Shira are extinct." Zilikuwa tano, sasa ni moja, na "and" imebaki kati ya majina tu.

Tazama "Kibo is the highest" ilivyovuliwa kitenzi ikaingia katikati ya mikato miwili. Hapo ndipo napapenda kuliko pote. Wanafunzi wengi hudhani kuunganisha ni kuongeza maneno, kumbe mara nyingi ni kuyapunguza. Na "while" inalinganisha: Kibo kimelala, wenzake wamezimika kabisa.

Jihadhari na "ingawa... lakini". Kwetu huenda pamoja bila shida, Kiingereza huchukua kimoja: "Although Uhuru Peak stands at 5,895 metres, you will not need ropes on the Machame route." Usitie "but" baada ya mkato.

Dada wa Moshi
Kaka, naongezea habari ya "-ing". Usiandike "Reaching Lava Tower, the headache began", maana hapo maumivu ya kichwa ndiyo yamefika Lava Tower, ule mwamba mrefu wa njiani! Sisi tukisema "tulipofika", mtenda yumo ndani ya kitenzi. Kwa Kiingereza inabidi aje mara tu baada ya mkato: "Reaching Lava Tower, some climbers get a headache."

Mgumu wa Machame
Asanteni sana. Na hizi nazo niziunganishe? "Walk slowly. Drink water. Tell your guide if you feel sick."

Mwalimu wa Jioni
Hizo ziache fupi, tafadhali. Ni maagizo ya usalama, na huenda anayesikiliza ni Mjerumani au Mjapani ambaye Kiingereza naye amejifunza shuleni. Kila agizo alisikie peke yake. Ya tatu tu ndiyo ningeipindua: "If you feel sick, tell your guide at once." Sharti likitangulia, anayeumwa anajua mapema kwamba linalofuata linamhusu yeye.