Mjadala: Je, matokeo ya utafiti yasubiri uhakiki wa jarida kabla ya kutangazwa kwa umma?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili swali ambalo limekuwa likizuka kila mara tangu mwaka 2020. Je, mtafiti aliyekamilisha kazi yake aitangaze kwa umma papo hapo, au asubiri hadi jarida la kitaaluma liipeleke kwa wahakiki, waisome, waikosoe na kuipitisha? Wanaotaka asubiri wanahofia kwamba makosa yatasambaa kabla hayajagunduliwa, na wanaopinga wanasema kwamba kusubiri nako kuna gharama yake, na katika tiba gharama hiyo huhesabiwa kwa maisha ya watu. Msimamo wangu ni kwamba muhuri wa jarida unamlinda msomaji kidogo sana kuliko tunavyodhani. Ulinzi wa kweli unapatikana pale ambapo mtu asiyehusika kabisa na utafiti ule anaweza kuzifikia data na hesabu zilizotumika, akazirudia mwenyewe, na akasema hadharani alichokikuta.

Maandiko ya awali, yaani makala ambazo mwandishi huziweka wazi mtandaoni kabla ya jarida kuzihakiki, si jambo la juzi. Wanafizikia na wanahisabati wana hazina yao ya mtandaoni, arXiv, tangu mwaka 1991 ilipoanzishwa na mwanafizikia Paul Ginsparg katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na wataalamu wa kompyuta wameitegemea kiasi kwamba mbinu mpya mara nyingi huwa zimekwisha kutumika kabla ya jarida lolote kuzichapisha. Wachumi na wataalamu wa fedha nao husambaziana makala zao kupitia SSRN, hazina nyingine ya aina hiyo, tangu mwaka 1994. Udaktari ndio uliochelewa, kwani medRxiv, hazina ya maandiko ya awali ya tiba, ilianzishwa Juni 2019, miezi michache tu kabla ya UVIKO-19 kuingia duniani.

Tuuangalie basi mwaka 2020 wenyewe, kwa sababu ulitupa mifano miwili iliyopishana kwa majuma machache tu. Tarehe 22 Mei, jarida la The Lancet, ambalo ni miongoni mwa majarida yanayoheshimika zaidi katika udaktari, lilichapisha makala iliyodai kwamba hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kutibu korona, iliambatana na ongezeko la vifo vya wagonjwa wa korona, kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Makala hiyo ilikuwa imehakikiwa. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Watafiti wa nchi mbalimbali walipoanza kuhoji takwimu hizo, zikiwemo zile zilizosemekana kutoka Afrika, kampuni ya Surgisphere iliyodai kumiliki data ilikataa kuzikabidhi kwa wakaguzi huru, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa. Wahakiki hawakuwa wazembe kupita wengine. Walisoma walichopewa, na data ghafi hawakupewa.

Tarehe 16 Juni mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioongoza RECOVERY, jaribio kubwa la dawa za korona katika hospitali za Uingereza, walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayojulikana kwa miongo mingi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Siku hiyohiyo Uingereza iliidhinisha matumizi yake hospitalini. Andiko la awali liliwekwa wazi tarehe 22 Juni, na jarida lililichapisha tarehe 17 Julai. Kama Uingereza ingesubiri jarida, mwezi mzima ungepita huku dawa ikiwa imekaa rafuni. Lakini naomba tuone ni kwa nini tangazo lile liliaminika: utaratibu wa jaribio ulikuwa umeandikwa na kuwekwa wazi kabla ya matokeo kupatikana, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na hospitali zilizoshiriki zilijulikana kwa majina.

Katika uchumi hadithi ni ileile. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zilizoendelea ambazo deni la serikali limezidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa hasi asilimia 0.1, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia takwimu hiyo kutetea ubanaji wa matumizi ya serikali uliowagusa mamilioni ya watu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliwaomba waandishi jedwali lao la Excel, nao wakampa. Akakuta kwamba hesabu ya wastani iliruka safu za nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, pamoja na kasoro nyingine katika uchaguzi wa miaka na namna ya kuipa kila nchi uzito. Yeye na walimu wake wawili walipozirudia hesabu, walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kushikilia kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo. Bila jedwali lile, makala ingeendelea kunukuliwa hadi leo kama ilivyokuwa.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni kwamba kutangaza mapema kuruhusiwe, ila kuambatane na wajibu wa kuweka wazi data na hesabu siku ileile. Asiyeweza kufanya hivyo ndiye anayepaswa kusubiri, hata kama makala yake imepitishwa na jarida kubwa kiasi gani.

Mchangiaji: daktari wa hospitali ya wilaya

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa mada nzito, lakini nahofia kwamba umeitazama kutoka chumba cha takwimu. Mimi naitazama kutoka chumba cha wagonjwa wa nje, na ninaowaona pale hawataomba jedwali la Excel la mtu yeyote.

Deksamethasoni hiyohiyo unayoisifu haikuonyesha manufaa yoyote kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Sentensi hiyo moja ilikuwa muhimu kuliko habari yenyewe, na katika safari ya kutoka Oxford hadi kwenye simu ya mtu ndiyo iliyodondoka. Huku kwetu dawa hii inapatikana katika duka la dawa la kawaida, na mtu mwenye kisukari anayeimeza bila ushauri hupandisha sukari yake kwa kiwango cha hatari. Kwa hiyo unaposema kwamba kusubiri kunagharimu maisha, ongeza kwamba kutosubiri nako kunagharimu, isipokuwa vifo vyake haviandikwi katika ripoti ya jaribio lolote.

Kisha kuna suala la ivermectin, dawa ya minyoo na vimelea vingine. Novemba 2020 liliwekwa wazi andiko la awali kutoka Misri lililodai kwamba dawa hiyo inapunguza vifo vya korona kwa kiasi kikubwa mno. Likaingizwa katika majumuisho ya tafiti, yaani makala zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi, likanukuliwa na wanaharakati, watu wakanunua. Liliondolewa Julai 2021, baada ya mwanafunzi wa udaktari jijini London kulichunguza na kukuta kumbukumbu za wagonjwa zilizojirudia, na wengine walioonekana kufa kabla utafiti haujaanza. Utasema kwamba data ndizo zilizomfichua, na ni kweli. Lakini ilichukua miezi minane, na katika miezi hiyo nilikuwa nikibishana na ndugu za wagonjwa walionionyesha makala hiyo kwenye simu zao. Mkosoaji makini hupatikana pale tu ambapo yupo mtu mwenye ujuzi, muda na hamu ya kukosoa. Uhakiki wa jarida, pamoja na udhaifu wake wote, walau humpangia mtu kazi hiyo mapema.

Mchangiaji: mchumi

Nichangie kwa ufupi kuhusu mfano wa deni. Makala ile ya Reinhart na Rogoff ilitoka katika toleo maalumu la jarida lenye makala za mkutano, ambalo halikupitia uhakiki wa kawaida, hivyo mtoa mada hawezi kuitumia kuonyesha kwamba uhakiki ulishindwa, na nadhani kwa haki hakufanya hivyo. Hata hivyo kuna jambo amelipita haraka. Kati ya 2010 na 2013 bajeti zilipitishwa, na kosa lilipojulikana hakuna bajeti iliyorudishwa nyuma. Mtunga sera huchagua makala inayokubaliana na nia aliyokwisha kuwa nayo, na marekebisho yanapokuja yeye huwa ameshaondoka katika mjadala. Ningependa kuona wajibu unawekwa upande wa mtumiaji pia, kwamba wizara inayonukuu utafiti katika hotuba ya bajeti ilazimike kueleza kama kuna mtu huru aliyezirudia hesabu.

Mchangiaji: mtafiti wa maabara ya vimelea

Mimi nina pingamizi la aina nyingine, nalo linahusu neno "wazi". Linapendeza masikioni, lakini naomba tuulize ni nani hunufaika data zinapowekwa wazi siku ileile.

Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kuendelea kupeleka sampuli za virusi vya mafua ya ndege kwenye mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, baada ya kubaini kwamba sampuli zake zilitumiwa na kampuni ya nje kutengeneza chanjo ambayo yenyewe isingeweza kuimudu. Dunia iliilaumu kwanza, kisha mwaka 2011 ikakubaliana juu ya mfumo mpya wa kugawana sampuli na manufaa yake. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitoa haraka taarifa za kinasaba za kirusi kilichokuja kuitwa Omikron. Walifanya hasa kile ambacho mtoa mada anakitaka. Katika siku chache tu nchi nyingi zilifunga safari kutoka kusini mwa Afrika, na hata vifaa vya maabara zao vikawa vigumu kufika kwa sababu ndege zilipungua.

Ongeza hali ya kila siku. Timu ya hapa nyumbani hutembea vijijini kwa misimu kadhaa ikikusanya damu, ikijaza dodoso na kuwarejea washiriki walewale. Timu ya ng'ambo yenye kompyuta kubwa na wachambuzi wengi inaweza kuichukua data hiyo ikiwa wazi, ikaichambua kwa juma moja na kuchapisha kabla ya walioikusanya. Mwanafunzi wetu wa uzamivu hubaki bila andiko. Tena washiriki walitoa ridhaa kwa utafiti fulani mbele ya kamati ya maadili. Katika kijiji kidogo, umri, jinsia na ugonjwa vinatosha kumtambulisha mtu hata kama jina lake limefutwa.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote, na nianze na Daktari. Hoja yake kuhusu sentensi iliyodondoka ni nzito, nami sidhani kwamba jarida lingeizuia kudondoka, kwa sababu makala ya Julai ilisema jambo lilelile la Juni na magazeti yaliyoifupisha ni yaleyale. Yafaa tutenganishe mambo mawili: kutangaza matokeo na kubadilisha tiba. La pili linahitaji chombo chenye mamlaka ambacho kimeziona data zenyewe, na tunao mfano mzuri uliotugusa. Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 nchini Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, ambapo Kilifi na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo. Andiko la awali liliwekwa wazi Septemba 2023, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo tarehe 2 Oktoba, na jarida la The Lancet likachapisha makala Februari 2024. Washauri wa shirika hilo hawakusubiri jarida, wala hawakuridhika na tangazo. Waliletewa ushahidi wakaupima wenyewe. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Pendekezo la Mchumi nalo naliunga mkono bila masharti.

Kwa Mtafiti wa maabara, nakubali kwamba "wazi" haliwezi kumaanisha kumwaga kumbukumbu za wagonjwa mtandaoni. Data za watu zinaweza kubaki katika taasisi iliyozikusanya, na mkaguzi akaomba kibali cha kamati ya maadili, akazichambua hapohapo bila kuondoka nazo. Hesabu na programu za uchambuzi, ambazo hazina siri ya mgonjwa, ziwe wazi kwa wote tangu siku ya kwanza. Walioikusanya data wapewe kipindi cha upendeleo, tuseme mwaka mmoja, ambapo mtu mwingine anaweza kukagua matokeo yao lakini haruhusiwi kuandika makala mpya kutokana nayo. Naamini mpango wa namna hii ungeinasa Surgisphere katika siku yake ya kwanza, kwa kuwa hapangekuwa na chumba cha kumwingiza mkaguzi.

Mchangiaji: mtafiti wa maabara ya vimelea

Kwa data za hospitali na za vijijini naukubali mpango huo, mradi taasisi zetu zipewe fedha za kuwaajiri watunza data, kwani leo kazi hiyo hufanywa usiku na mtafiti yuleyule aliyeshinda maabara mchana. Kwa taarifa za kinasaba za vimelea wakati wa mlipuko, kipindi cha mwaka mmoja hakitekelezeki. Hata siku kumi ni nyingi mno, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angependa kuzificha. Tunachotaka hapo ni mkataba unaozibana nchi zinazopokea taarifa, zisimfungie mipaka aliyezitoa na zimhakikishie fungu la chanjo na dawa zitakazotokana nazo. Naomba wachangiaji wenye ujuzi wa sheria za kimataifa watusaidie kueleza ni nani angeusimamia mkataba kama huo, na ni adhabu gani ingeweza kumfikia atakayeuvunja.