Kamba ya kuwashia mashine ya majani imekatika, iliyobaki imeingia yote ndani

mkata_majani_moro
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina mashine ya kukatia majani ile ya kusukuma, ya petroli, leo asubuhi navuta kamba mara ya tatu ikakatika nikabaki na kishikio na kipande kama sentimita 30 hivi, iliyobaki ikafyatuka ikaingia ndani yote. Fundi wa kwanza niliyempelekea kasema stata (ile sehemu ya kuwashia kwa kamba) imekufa ninunue nzima. Masika hii majani hayasubiri na Jumamosi nina kazi ya kiwanja kizima. Inawezekana kubadili kamba tu?

fundi_jenereta
Pole mkuu. Usinunue kwanza. Chomoa waya wa plagi kabla ya yote, injini isije ikawaka ukiwa unaifungua. Halafu fungua bolti za kava la stata, mara nyingi ni tatu au nne, spana namba 8 au 10, ligeuze ujaribu kuzungusha puli, lile gurudumu linalozungushiwa kamba, kwa vidole. Ikikaza halafu ukiiachia taratibu inarudi yenyewe basi springi ni nzima, tatizo lako ni kamba tu. Ikizunguka bure bila kurudi, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake, na hapo usiifungue puli bila kuvaa miwani, ule ni utepe wa chuma umekunjwa kwa nguvu, ukifyatuka unakata.

Kamba nunua nailoni ya kusukwa, siyo ya kusokotwa, mashine nyingi zinakula milimita 4 ila nenda na kipande cha zamani ulinganishe. Manila za kuanikia nguo achana nazo, zinalika haraka sana. Urefu pima vipande vyako vyote viwili kwa pamoja.

mkata_majani_moro
Nimefungua, springi inarudi vizuri kabisa! Sasa kamba mpya naiingizaje, maana nikiizungushia kwenye puli halafu nikifunga kava haina nguvu ya kujivuta.

fundi_jenereta
Hapo ndipo wengi wanakwama. Springi inajazwa kwanza, kamba baadaye. Zungusha puli upande uleule inaokwenda ukivuta kamba, mpaka ikaze mwisho, kisha irudishe kidogo mpaka tundu la puli litazamane na tundu la kava, ibane hapo na plaizi ya kujifunga au pitisha bisibisi isirudi. Choma ncha ya kamba kwa kiberiti iwe ngumu, ipitishe kutoka nje kuingia ndani, piga fundo, vuta likae kwenye nafasi yake. Upande wa nje piga fundo la muda hapo karibu na mwisho wa kamba isije ikazama yote tena. Sasa achia puli taratibu huku umeishika, itaivuta kamba yenyewe.

mama_bustani
Mkuu kabla hujafunga, hiyo kamba ilikatikia wapi? Kama ni kwenye fundo ni uchovu tu, ila kama ni katikati kuna kitu kinaisaga na mpya nayo itakatika.

mkata_majani_moro
Dada umenifumbua macho. Ncha imechanika manyoya manyoya upande mmoja tu. Nimeangalia ile pete ya waya kwenye mshikio wa mashine ambapo kamba inapita, imelika mpaka ina mfereji, nikipitisha ukucha unakwama.

mama_bustani
Ndiyo hiyo. Badilisha pete, au isugue kwa msasa laini mpaka ukucha uteleze. Na ukivuta, kwanza ubane ule wenzo wa breki kwenye mshikio wa mashine, watu wanavuta wakiwa wameuachia, injini imefungwa, kamba ndiyo inaumia. Vuta pole pole mpaka usikie imeshika ndipo uvute kwa nguvu, na kishikio kisindikize kirudi, usikiachie.

mkata_majani_moro
Nimemaliza wakuu. Pete nimenunua mpya, kamba nimefunga, kwanza ilikuwa inavutika bila kushika injini kabisa, kumbe zile kucha za puli zinazochomoza kushika injini zimejaa vumbi na majani makavu, nimezisafisha kwa petroli na brashi ya meno, nikaacha zikauke, zikaanza kuchomoza zenyewe. Imewaka mvuto wa pili. Asanteni sana, Jumamosi naingia kiwanjani, na kile kipande kingine cha kamba nimekiweka kwenye boksi la spana.