Shule inataka "chakula cha Pasaka" Alhamisi: nina watoto watatu, elfu kumi na sina oveni. Nisaidieni mawazo

Mama_Watatu

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kutoka Pasua, Moshi. Mvua inanyesha, watoto wamelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kulalamika.

Kwenye daftari la mdogo nimekuta barua: Alhamisi Kuu, siku ya kufunga shule, kila mtoto aje na chakula cha Pasaka cha kula kwa mkono, saa nne wakae pamoja wale. Nina watatu shule hiyo hiyo, wa chekechea, wa darasa la pili na wa darasa la tano. Bajeti ni elfu kumi kwa wote, ikinibana sana kumi na mbili. Gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro robo, na mimi saa moja niwe nimeshafungua kibanda. Vyombo vyangu ni gesi ndogo, jiko la mkaa na friji inayogandisha ikiamua.

Shule imekataza soda, pipi na karanga (kuna mtoto karanga zinamdhuru). Halafu huyu wangu wa kati hali kiini cha yai, anadai kina unga.

Mwaka jana nilipika pilau usiku, nikalifungia la moto kwenye hotpoti tatu, nikalala nikijisifu. Saa nne wanafungua, limechacha. Wawili walirudi wakaniambia. Mkubwa hakusema kitu. Aliisukuma hotpoti chini ya dawati, akasingizia tumbo, akakaa anaangalia wenzake wakimenya mayai ya chokoleti ya karatasi za kung'aa. Nilijua jioni nikiosha vyombo. Mpaka leo limenikaa kooni.

Nataka kitu kizuri cha kutazama, kisicho na gharama, na kifike saa nne kikiwa kizima.

Kijana_wa_Sombetini

Dada, maandazi na chai ya rangi. Uzi ufungwe.

Mangi_wa_Rombo

Dogo, ukioa utajua. Andazi la kila siku hata ulifunge utepe, mtoto analijua.

Mama Watatu pole. Mwaka juzi mke wangu alikuwa safarini, nikaachiwa kazi hiyo mimi baba. Nilichemsha mayai, nikachora sura kwa kalamu ya wino: moja limenuna, moja linacheka, moja lina masharubu kama ya babu yao. Nikaongeza ndizi kisukari mbilimbili, basi. Walifurahia masharubu kuliko keki ya jirani. Wino ulipenya kidogo kwenye ganda mpaka kwenye ute, kwa hiyo kalamu usiniige. Ila wazo la sura ninaliuza bure.

Swali langu kwa wenye elimu: binti aliniuliza sungura wa Pasaka anatagaje mayai. Nilimwambia akamuulize mama yake akirudi.

Bibi_Marangu

Mangi, umeniamsha. Nimefundisha miaka mingi na swali hilo kila mwaka halikosi.

Sungura wametuletea Wajerumani, ni hadithi zao za watoto, hata kanisani hayumo. Mayai ndiyo yana sababu. Ulaya ya zamani Wakristo hawakula nyama wala mayai Kwaresima yote. Kuku hawakuambiwa kwamba ni Kwaresima, wakaendelea kutaga. Pasaka inafika nyumba imejaa mayai, watu wanayachemsha, wanayatia rangi, wanagawiana. Waorthodoksi wao huyatia rangi nyekundu, kwa kukumbuka damu ya Kristo.

Sasa wewe mwanangu wa Pasua. Rangi usinunue. Nenda Mbuyuni kwa wauza vitunguu, yale maganda makavu wanayafagia tu, waombe wakujazie mfuko. Chukua maganda ya vitunguu kama kumi na viwili, maji vikombe vinne, chemsha nusu saa, chuja, tia siki vijiko viwili vya chakula. Hayo maji ndiyo unachemshia mayai, yaanze yakiwa yamepoa, yakishachemka hesabu dakika kumi. Utapata rangi ya udongo wa Kibosho baada ya mvua. Bitiruti inatoa waridi, manjano inatoa njano, kabichi ya zambarau inatoa buluu, usishangae, ndivyo ilivyo. Ila tafuta mayai ya kienyeji yenye ganda jeupejeupe. Yale ya kisasa ya kahawia yanakubali maganda ya vitunguu tu, rangi nyingine zinafifia.

Ukitaka wakuone fundi, bandika jani bichi la giligilani kwenye ganda, livishe kipande cha soksi ndefu iliyochanika, kaza kwa uzi, chemsha. Ukivua, jani limebaki jeupe pale pale na mishipa yake. Malizia kwa tone la mafuta ya kula kwenye kitambaa, yang'ae.

Neno moja la bibi, msinikasirikie. Alhamisi Kuu hatujafika Pasaka. Bwana hajasulubiwa bado, sisi tunapeleka sherehe shuleni! Shule imeamua hivyo kwa sababu ya kufunga, sawa. Lakini Alhamisi wape chakula cha kiasi, kisicho na nyama, na yale makubwa waje nayo Jumanne shule ikifunguliwa. Kwetu Wakatoliki siku nane kuanzia Jumapili ile zote ni Pasaka, hutakuwa umechelewa.

Mama_Watatu

Shikamoo bibi. Hilo la Jumanne sikuwa nimeliwaza kabisa, na Jumatatu ya Pasaka nyumbani huwa kunabaki vitu. Soksi zilizochanika ninazo za kutosha, asante.

Nesi_wa_Zamu

Nimesoma habari ya pilau lako nikasema huyu lazima nimjibu kabla sijalala. Shida haikuwa pilau, ni kulifungia la moto usiku kucha. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Ukikaa saa nyingi ukiwa vuguvugu, vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha moto haiondoki. Una bahati ulinuka wakauacha, kuna siku haunuki. Ukishapika wali usiku, utandaze kwenye sinia upoe haraka, halafu friji. Kwa safari ya saa nne mimi nisingepeleka wali kabisa.

Mayai: chemsha Jumatano jioni, yatie maji baridi, yakipoa yaingie friji. Lililopasuka mle nyumbani. Wasimenye mpaka saa ya kula. Kuyaacha nje ya friji zaidi ya saa mbili si vizuri, na wako watakaa karibu nne na nusu njiani na darasani, kwa hiyo gandisha chupa ndogo ya maji usiku, ikae katikati ya begi, kontena liguse chupa. Saa nne barafu imeyeyuka, wanakunywa.

Na kitu chochote cha kukaanga kipoe kabisa kabla hujafunika. Mvuke ukinaswa ndani chakula kinalowa na kuharibika.

Ummu_Majengo

Assalaam alaykum, na heri ya sikukuu inayokuja kwenu. Mimi ni Mwislamu wa hapa hapa Majengo, watoto wangu nao wameandikiwa barua kama hiyo kwenye shule yao, na sioni ubaya wakae na wenzao wale. Ombi langu kwenu ni moja tu. Watoto hubadilishana chakula, humzuii. Kwa hiyo kama ndani kuna nyama, iwe ya kuchinjwa kihalali au muwaambie wenzao mapema. Mwanangu aliwahi kurudi analia kwa soseji asiyoijua.

Dada, nikupe dawa ya hayo yote: katlesi ya mboga, uiumbe umbo la yai. Viazi mviringo kilo moja, chemsha, ponda vikiwa vya moto visiwe na mabonge, tia chumvi, ndimu, kitunguu saumu. Ndani weka njegere na karoti ulizokaanga na kitunguu na bizari kidogo mpaka zikauke, maji yakibaki zitapasuka kwenye mafuta. Umba kama yai la kuku, zinatoka kama kumi na tano. Usiku zilale friji kwenye sahani. Asubuhi chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga mafuta ya moto, dakika tatu nne kishapo toa. Bibi hana nyama ya kugombania, mimi sina nyama ya kuuliza, na wa kati asiyekula kiini hatajua kama amekula yai.

Mama_Watatu

Ummu umenimaliza! Ila nikaange saa ngapi, na nesi amesema zipoe?

Ummu_Majengo

Amka kumi na nusu. Kumi na moja zimeshatoka, zitandaze kwenye karatasi. Ukimaliza kuwavalisha, zimepoa.

Fundi_Keki_Sakina

Nipo Arusha, hata huku barua hizo zinatuchosha, tena mimi wananiagiza keki siku moja kabla kama vile natoa bombani.

Kwa bajeti yako keki achana nayo, pika skonzi za msalaba. Waingereza huzila Ijumaa Kuu, kwa hiyo hata bibi wa Marangu atazipitisha. Unga wa ngano vikombe vinne, hamira vijiko vya chai viwili, sukari robo kikombe, mafuta vijiko vinne vya chakula, chumvi kidogo, mdalasini na iliki, zabibu kavu ukiwa nazo. Kanda kwa maziwa ya uvuguvugu kama kikombe na robo, unga uwe laini bila kung'ang'ania mkono. Uumuke, gawa madonge kumi na mawili, yapange kwenye sufuria uliyoipaka mafuta, yaumuke tena. Msalaba wenyewe ni uji mzito wa unga vijiko vitano na maji vijiko vinne hivi, utie kwenye kipande cha nailoni, kata kona kidogo, chora.

Oveni si lazima. Sufuria juu ya jiko la mkaa, chini makaa machache sana, juu ya mfuniko makaa mengi. Wote wanaoungua wameweka kinyume. Dakika ishirini na tano anza kuchungulia. Zikitoka zipake maji ya sukari zing'ae. Pika Jumatano, zinalala vizuri.

Ah, na chokoleti usijisikie vibaya. Mtoto akiishika inaanza kuyeyuka mkononi. Ukibahatika inafika saa nne, usipobahatika inafika kwenye daftari.

Mangi_wa_Rombo

Na kisukari zangu mmezisahau?

Mama_Watatu

Narudi na mrejesho, Alhamisi usiku.

Bajeti imetosha na imebaki mia nane. Maganda ya vitunguu nimepewa bure kweli, yule baba wa Mbuyuni alidhani nina dawa ya kienyeji ninachanganya. Mayai sita ya kienyeji: manne ya maganda yenye jani la giligilani, mawili ya bitiruti kwa sababu wa kati alilia anataka waridi. Ute atakula, kiini amesema atampa rafiki yake. Jani lilitoka vizuri kwenye matatu, la nne lilihama likawa kama ramani. Skonzi moja iliungua chini, nimeila mimi. Katlesi zilikuwa kumi na nne, moja ilipasuka, Ummu hakukosea kuhusu maji. Kisukari mbilimbili kila mmoja, Mangi usinune.

Mkubwa alirudi kontena tupu. Nikamuuliza, akasema mwalimu alimwomba yai lenye jani akaenda kulionyesha ofisini, halafu akaniuliza kama Jumanne naweza kumfanyia mawili. Bibi, kwa hiyo Jumanne ipo.

Sasa tatizo. Ile chupa ya barafu ilitoa jasho, maji yakashuka kwenye mayai ya bitiruti, na huyu wa kati akalitia moja mfuko wa shati ili akawaonyeshe wa darasa la tatu. Shati jeupe la shule lina doa la waridi kubwa kama kiganja. Nimelisugua kwa sabuni ya mche, linanitazama tu. Msaada jamani.

Bibi_Marangu

Nilisahau kukuambia ya bitiruti yakaushwe vizuri na yafungwe peke yake. Nisamehe mwanangu.

Ummu_Majengo

Usitie maji ya moto wala pasi! Loweka maji baridi, kamulia ndimu nzima juu ya doa, nyunyiza chumvi, acha nusu saa, suuza, rudia. Kesho likitoka jua lianike pale pale likiwa na ndimu.

Mama_Watatu

Nimerudia mara tatu. Limebaki kivuli tu, na jua la Moshi wiki hii ndiyo hilo mnalolijua. Jumanne atavaa sweta juu.